Kufuatilia asili ya jina la ukoo Uchagani: anza kihambani

Ukianza na jina la mwisho utapotea. Akina Mushi, Massawe na Kimaro wamejaa pande nyingi za mlima, na wengi hawazikani wala hawajuani. Anza na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo.

Hatua ya 1: Wazee. Desemba, watu wakipanda Moshi "kuhesabiwa", keti na mzee mmoja mmoja. Kwenye kikao cha ukoo, mkubwa akishasema, wengine huitikia tu. Baada ya shikamoo, usiulize miaka. Uliza: babu alikuwa ameshaoa wakati wa Uhuru (1961)? Baba yake alizaliwa kabla Mangi (chifu) Meli wa Moshi hajanyongwa na Wajerumani (1900)? Kisha omba kutembezwa migombani uonyeshwe makaburi, na kwa kila kaburi uliza: huyu ni wa nyumba ya mama yupi? Wazee wa zamani walioa wake wengi.

Hatua ya 2: Mchoro. Kwa desturi mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Hilo husaidia kubahatisha jina lililosahaulika, na ndilo linaloharibu michoro mingi: babu na mjukuu wanageuka mtu mmoja, miaka hamsini inayeyuka. Kila jina liandike pamoja na la mama yake.

Hatua ya 3: Daftari la ubatizo. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame 1893. Wakatoliki walikuwa Kilema miaka hiyohiyo ya 1890. Nenda alikobatizwa babu unayemtafuta, si unakosali wewe. Parokia zimemegwa sana, na daftari la zamani mara nyingi limebaki kwa parokia mama. Omba miaka mitano mbele na mitano nyuma ya makadirio yako. Kwa Wakatoliki soma na pembeni ya ukurasa, ndoa huandikwa hapo.

Soma kwa sikio. Mjerumani aliandika Moshi "Moschi", Machame "Madschame". Basi Shayo mtafute pia kwenye "Schajo". Katika mwandiko wao wa zamani, *e* hufanana na *n*, na *u* hutambulika kwa kikonyo kilicho juu yake. Kwenye madaftari ya Kilatini, "7bris" ni Septemba, si Julai. "8bris" ni Oktoba. Hapa wengi hukosea.

Hatua ya 4: Jina lenyewe. Si kila jina la mwisho ni la ukoo. Mengine ni jina la babu lililoganda siku mtoto alipoandikishwa shule, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Tafuta wajukuu wa kaka zake babu: wakitumia jina jingine, lako huenda ni la mtu tu. Hapo muulize shangazi. Aliyekaa kwenye posa nyingi anajua ukoo upi hamwoani nao, na kwa nini.