Umehamia shamba na farasi wako? Mshughulikie kwanza kwa nyasi, banda litangoja

Majuma mawili yaliyopita shemeji alinipigia simu alfajiri. Amehamia shamba, farasi wake wawili walikuwa wanafika Jumamosi, na banda alilowajengea ni zuri kuliko chumba anacholala yeye. Nikamuuliza, "Shemeji, umechukua nyasi kavu za kule wanakotoka?" Akacheka. "Nyasi za nini? Huku nyasi zimenifika magotini!" Nikajua hapo hapo kwamba lazima nifunge safari. Haya ndiyo tuliyoyafanya, na mengine niliyoyajua kwa kuumia.

Hatua ya 1: Wawe wawili

Farasi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake atazunguka uzio kutwa, atalia, atakonda. Kama uwezo wako ni wa mmoja tu, mwache alipo. Punda anaweza kumpa ushirika, ila apimwe kwanza minyoo ya mapafu, maana punda huibeba bila kuonyesha dalili na kumwambukiza mwenzake.

Hatua ya 2: Uzio

Seng'enge ya miiba ing'oe yote. Usiniambie "nitaiacha ule upande wa nyuma tu". Farasi akishtuka hukimbia kwanza, kufikiri baadaye, na miiba humchana hadi mfupani. Mimi natumia utepe mpana wa umeme kwenye nguzo za mbao, mstari wa juu ukiwa kama mita 1.3 kutoka chini. Waya mwembamba ni rahisi kuununua, lakini farasi hauoni mpaka awe ameshaugonga.

Mara ya kwanza wafungulie mchana, kukiwa kweupe. Kabla ya hapo mshike kila mmoja kwa kamba, mzunguke naye uzio wote.

Hatua ya 3: Nyasi mbichi (hapa soma mara mbili)

Miaka kadhaa nyuma nilihama na jike mmoja mnene, mpole, aliyezoea nyasi kavu. Mvua ilikuwa imenyesha, malisho yamechipua kijani. Siku ya pili nikamfungulia kutwa nzima, nikajiona nimemtendea wema. Baada ya siku chache nikamkuta amesimama kama mtu anayeogopa kukanyaga moto: miguu ya mbele ameitanguliza, uzito wote ameurudisha nyuma. Nikasema ni uchovu wa safari. Nikamchanganyia pumba na molasi kumliwaza. Molasi! Ni sawa na kuongeza kuni kwenye moto. Kufika usiku hakutaka hata kugeuka.

Ugonjwa huo ni uvimbe wa ndani ya kwato. Sukari ya nyasi changa hupandisha insulini mwilini, na insulini ikizidi hudhoofisha tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya kwato. Zikiachia, mfupa huzunguka au huzama. Wa jike wangu ulikuwa umeanza kuzunguka. Ukwato huchukua karibu mwaka mzima kukua kutoka juu hadi kwenye ncha, na ndio muda niliomuuguza.

Hivyo basi, fanya hivi.

Kabla ya kuhama, pakia nyasi kavu za kule kule alikotoka, za kutosha majuma mawili. Matumbo ya farasi yana vijidudu vinavyochachusha chakula, na vijidudu hivyo vinahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea chakula kipya. Ukibadilisha ghafla, unakaribisha msokoto wa tumbo, na farasi hawezi kutapika kilichomzidi.

Jua uzito wake, usikisie. Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya makalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Farasi wa shemeji alitoka 180 na 165, yaani kilo 450. Asilimia 2 ya uzito huo ni kilo 9 za nyasi kavu kwa siku. Zipime kwa mizani ya kuning'iniza. Mimi sitaki kabisa habari ya kupima kwa "mafungu": fungu la robota moja huwa kilo moja na nusu, la robota jingine kilo tatu.

Siku ya kwanza malishoni: dakika 20, akiwa ameshakula nyasi kavu, asitoke na njaa. Kila siku ongeza dakika 15. Kwa farasi mnene, poni (farasi wa aina ndogo), au aliyewahi kuugua kwato, nenda polepole zaidi, na umvishe kikapu cha mdomoni chenye tundu dogo chini, ili ale kidogo kidogo. Huyo pengine hatafika kutwa nzima maisha yake yote, na si vibaya.

Mpeleke malishoni asubuhi na mapema, kwa kuwa sukari ya nyasi hupanda kadiri jua linavyowaka. Lakini kama usiku ulikuwa wa baridi kali, geuza hesabu: sukari haikutumika usiku, kwa hiyo asubuhi hiyo ndiyo mbaya. Na usidanganyike na uwanja uliotafunwa hadi chini. Nyasi fupi zilizoteseka zinaweza kuwa na sukari nyingi kuliko ndefu.

Nyasi za mashine ya kukatia bustani usimpe hata konzi moja. Huchacha haraka, naye huzimeza bila kutafuna.

Kila asubuhi mguse kwato na upapase mshipa nyuma ya kifundo. Joto, mapigo yanayodunda kwa nguvu, au akisita kugeuka: mtoe malishoni saa hiyo hiyo, mwekee matandiko laini mazito, poza kwato kwa barafu, piga simu kwa daktari wa mifugo. Usimtembeze "anyooke".

Hatua ya 4: Maji

Lita 25 hadi 50 kwa kila mmoja kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Osha chombo.

Hatua ya 5: Mavi

Farasi mmoja hutoa kilo 20 na zaidi kwa siku. Nunua toroli la magurudumu mawili, la gurudumu moja litakumwagikia matopeni. Okota malishoni angalau mara mbili kwa juma, ndiyo kinga ambayo minyoo haiwezi kuijengea usugu. Lundo liwe mbali na kisima.

Hatua ya 6: Stoo na watu

Chakula cha kuku au ng'ombe kisikae karibu na cha farasi. Baadhi huwekwa monensini, dawa ya mifugo hao, na hata kidogo huua moyo wa farasi.

Hakikisha mapema kwamba daktari wa huko anatibu farasi, si ng'ombe peke yao. Chanjo ya pepopunda iwe hai. Mkata kwato aje kila majuma 6 hadi 8. Kwenye mlango wa banda andika hali ya kawaida ya mnyama mzima akiwa ametulia: joto 37.5 hadi 38.5, mapigo 28 hadi 44 na pumzi 8 hadi 16 kwa dakika. Saa nane za usiku kichwa hakikumbuki.

Leo farasi wa shemeji wako siku ya tisa, yaani saa mbili na dakika ishirini malishoni. Jana ameniuliza kama anaweza kuruka siku kadhaa mbele, kwa sababu Jumapili ana wageni na angependa wawaone farasi wakizurura uwanjani kutwa. Nimemwambia awaonyeshe banda.