Uwanja wa Kupandia Farasi: Shughulika na Maji Kwanza, Mchanga Baadaye

Mwaka wangu wa kwanza kufuga farasi, kwenye mteremko wa udongo mwekundu huko Limuru, nilifanya kosa ambalo bado naliona kwa wengi. Nilisawazisha kiwanja kwa katapila, nikanunua malori kumi na mawili ya mchanga wa bei nafuu, nikaumwaga moja kwa moja juu ya udongo. Januari na Februari uwanja ulipendeza kweli. Masika yalipokolea mwezi wa Aprili, mchanga na udongo vilikuwa vimeshakorogana vikawa uji, farasi wanateleza hata wakitembea, na saisi wangu, mtunza farasi, akaniuliza kwa upole kama tuna mpango wa kupanda mpunga.

Kama una fedha za kutosha kitu kimoja tu, zipeleke chini. Mchanga unaweza kuongezwa mwakani. Msingi mbovu hautengenezeki bila kuondoa kila kitu kilicho juu yake.

Chagua mahali palipoinuka, si bondeni, hata kama bonde ndilo lililo karibu na banda. Ukubwa wa kutosha kwa mafunzo ya kawaida ni mita 20 kwa 40. Anayefundisha kuruka viunzi afikirie 30 kwa 60. Upande wa juu wa mteremko chimba mtaro wa kukinga maji kabla ya kugusa kiwanja chenyewe, kina cha sentimita 50 hivi, weka bomba lenye matundu, kisha ujaze mtaro kokoto. Mtaro huu ndio watu huuacha ili kupunguza gharama. Mvua inayonyesha juu ya uwanja ni kidogo. Inayoharibu ni ile inayoteremka kutoka shamba la jirani.

Kisha ondoa udongo wote wa juu wenye mizizi na majani. Kwenye udongo mwekundu wa nyanda za juu, kufikia udongo mgumu si kazi kubwa. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa uwanda wa Athi na sehemu za Laikipia, habari ni nyingine. Udongo ule huvimba ukilowa na kupasuka nyufa za kuingiza mguu wakati wa kiangazi. Usichimbe shimo ndani yake ukalijaza kokoto, maana utakuwa umejenga bwawa. Ama uuondoe hadi ufike chini yake, ama uinue uwanja mzima juu ya kifusi kilichoshindiliwa, na utandike kitambaa cha jeotekstaili katikati ili mfinyanzi usipande.

Tabaka la msingi kwetu ni moramu, ule udongo wa changarawe unaotandazwa barabarani. Tandaza kwa awamu, kila awamu sentimita 10 hadi 15, nyunyizia maji kidogo, pitisha roli la kushindilia mpaka kisigino cha buti kisiache alama. Moramu iliyoshindiliwa vizuri hupitisha maji kidogo sana, kwa hiyo maji lazima yatiririke juu yake na kutoka. Toa mteremko wa asilimia 1 hadi 1.5 kwa upana: upana wa mita 20 unakupa tofauti ya sentimita 20 hadi 30 kati ya ukingo mmoja na mwingine. Ukizidisha asilimia 2, mvua itaondoka na mchanga wako. Huhitaji vifaa vya bei ghali. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, ule wanaotumia mafundi wa msingi wa nyumba, unapima sawasawa.

Kabla ya kuleta mchanga, subiri mvua moja kubwa. Vaa buti uende ukaangalie ikinyesha. Kila kidimbwi utakachokiona kwenye moramu, kipigie kigingi, ukijaze na kukishindilia kukikauka. Na kidimbwi chenye mavi ya farasi hakiharibu uwanja tu: matope ya namna hiyo ndimo huzaliwa usubi unaosambaza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoua. Chanjo ya kila mwaka haikupi ruhusa ya kufuga usubi.

Sasa mchanga. Wauzaji watakusifia mchanga wa mto kwa kuwa ni safi, na ni kweli, lakini mara nyingi punje zake zimesagwa na maji hadi zikawa mviringo. Farasi akikata kona juu yake ni kama mtu anayekimbia juu ya kunde zilizomwagika sakafuni. Tafuta punje ndogo hadi za wastani zenye pembe pembe kidogo, zilizooshwa. Vumbi la machimbo ya kokoto lina pembe, ila hushikana likawa kama saruji, na vumbi lake huingia mapafuni mwa farasi na mpandaji. Mchanga wa bahari una chumvi na kombe. Maranda yanapendeza miezi michache, kisha huoza na kuteleza.

Jaribu mchanga kabla ya kulipa. Jaza chupa ya plastiki hadi theluthi moja, ongeza maji, tikisa, uiweke chini. Mchanga hutua kwa muda wa dakika moja hivi. Maji yakibaki mekundu hadi kesho yake, humo mna mfinyanzi; mwache muuzaji aupeleke kwa anayejenga choo. Pima pia bodi ya lori kwa tepu, urefu, upana na kimo, kwa sababu neno "lori moja" halina maana yoyote.

Uwanja wa 20 kwa 40 unahitaji mita za ujazo 40 kwa kina cha sentimita 5. Anza na hizo hizo. Wapande farasi wiki mbili, kisha ongeza sentimita moja au mbili tu kama kwato zinagonga chini. Mchanga mwingi mno ni hatari kuliko mchache, maana farasi anayekwenda shoti kwenye sentimita 12 za mchanga mkavu huvuta kano za miguu kila hatua. Alama ya kwato ikae wazi, kingo zake zisiporomoke. Zikiporomoka, mwagilia: milimita 5 za maji kwenye uwanja huu ni lita 4,000, kwa hiyo fikiria mapema tangi la kukinga maji ya paa la banda. Mwenye uwanja mkavu sana anaweza kuchanganya usumba wa nazi kidogo, hushika unyevu vizuri, ila nao huoza.

Pigia ubao wa kimo cha sentimita 25 pembezoni kuzuia mchanga usitoroke, na fito za uzio ziwe upande wa ndani wa nguzo ili goti la mpandaji lisigonge nguzo. Seng'enge isikaribie kabisa.

Mavi yaokotwe kila siku. Njia ya pembeni, wanapopita farasi kwa mwendo wa matiti, yaani wa kukimbia polepole, huchimbika upesi. Vuta mchanga uurudishe kwa reki kila wiki kabla ya kupitisha haro, chombo cha meno cha kuvuruga na kusawazisha mchanga. Na hiyo haro iwe ya meno mafupi. Ukiona vijiwe vyekundu vya moramu vimeanza kuchomoza juu ya mchanga, ujue meno yamefika kwenye msingi: yapandishe, viokote vijiwe kwa mkono, na utafute palipotoboka siku hiyo hiyo.