Siwa mbili za Malindi: ninavyofundisha safari ya Vasco da Gama

Usianze na jina lake. Ukilitaja tu, wanafunzi watakurudishia walichokariri: 1498, njia ya India, mnara wa Malindi.

Mimi huanza na aya moja ya shajara ya mmoja wa watu waliosafiri naye. Tafsiri ya Kiingereza ya 1898 inapatikana bure mtandaoni. Naigeuza Kiswahili, naondoa majina. Inamweleza mfalme aliyeketi chini ya mwavuli wa hariri nyekundu, na tarumbeta mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa, kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Nawaambia wachore. Hapa Pwani hakosi wa kuinua kichwa: "Mwalimu, hii si siwa?" Ndiyo, ni siwa. Mgeni yule hakuwa na neno lake, mtoto wa Kidato cha Pili analo. Usiwaharakishe hapo.

Kisha gawa ubao sehemu mbili: aliyoyaona na aliyoyadhani. Mwavuli unakaa kushoto. Wahindi aliowakuta Malindi akawaita Wakristo wanakwenda kulia. Kwa nini alitamani wawe Wakristo? Swali hili hula nusu ya kipindi, nami naliacha lile.

Siku chache kabla ya kufika Malindi, mfalme wa Mombasa alikuwa amewapelekea Wareno kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Shajara hiyohiyo inasema nahodha, yaani da Gama, aliwadondoshea Waislamu wawili waliokuwa merikebuni mafuta ya moto ili waseme. Sehemu hii isome wewe mwenyewe, polepole. Usiifiche.

Sasa toa historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16. Shajara inasimulia siku tisa za sherehe Malindi. Wa Kilwa anasema watu wa Malindi waliwatambua Wareno kuwa waleta vita, wakawapa maji, chakula na kuni kwa hofu. Darasa zima litamwamini wa Kilwa kwa kuwa ni wetu. Wazuie. Aliandika baada ya Wareno kuuteka mji wake, 1505; je, hofu hiyo ilikuwa ya Malindi ya siku ile, au ni yake?

Wote wawili wanakubali kwamba rubani alitolewa Malindi. Kazi ya nyumbani ni hiyo: rudini kwenye shajara, mtafute alipatikanaje. Watakuta nahodha alimzuia merikebuni mtu wa karibu wa mfalme, akadai rubani kwanza.