Kununua kamera ya mtumba isiyo na kioo: hatua ninazofuata mimi

Kamera ninayopigia picha za watu ni Sony A7 II, toleo lililotoka mwishoni mwa 2014. Niliinunua ikiwa imeshatumika miaka minne, na bado inanilisha. Kabla yake nilinunua nyingine kwa haraka, nikaijutia ndani ya siku mbili. Hatua ninazoandika hapa nimezipata kwa njia zote mbili.

Kamera zisizo na kioo ni zile ambazo mwanga ukipita kwenye lenzi unafika moja kwa moja kwenye sensa, kile kipande kinachogeuza mwanga kuwa picha. Hakuna kioo cha kuurusha juu kuelekea kwenye kitazamio kama kwenye kamera za zamani zaidi. Likumbuke hilo, kwa sababu madhara mengi utakayotafuta kwenye kamera ya mtumba yanatokana nalo: ukitoa lenzi, kwa nyingi kati ya hizi sensa iko wazi kabisa.

Hatua ya 1: Andika kazi yako kwenye karatasi

Usianze na jina la kamera. Andika unapiga nini, wapi, na picha zinaishia wapi. Picha ya megapikseli 24 ina nukta 6000 kwa 4000, yaani milioni 24. Kuchapa ukurasa wa A3 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi kunahitaji kama megapikseli 17 na nusu, na A4 haifiki 9. Skrini za simu nyingi hazionyeshi hata megapikseli 5. Sony A6000 ya 2014 ilikuwa na megapikseli 24, A7 III ya 2018 vilevile, na zipo kamera zinazotoka leo zenye hizo hizo 24. Kwa picha tulivu yenye mwanga wa kutosha, ukiniwekea picha ya A7 II na ya kamera mpya kabisa zilizopigwa kwa lenzi moja, sitathubutu kukuapia ipi ni ipi.

Kilichobadilika ni kwingine. Fokasi (kulenga ili kitu kionekane kikali) ya kufuata jicho imekuwa ya kutegemewa sana; A7 II inanitaka niwe na subira mtu akitembea. Betri pia: kwa kipimo cha kiwanda A7 II inapiga kama picha 350 kwa chaji moja, A7 III inafika 710. Kwenye video, A7 II haina 4K kabisa, ilhali Fujifilm X-T3 ya 2018 inarekodi 4K kwa fremu 60 kwa sekunde. Halafu kuna nafasi za kadi: A7 II na Nikon Z6 ya kwanza zina nafasi moja tu, A7 III na Fujifilm X-T2 zina mbili.

Kwa hiyo anayepiga watoto wakikimbia, mpira au ndege asiende nyuma kabla ya 2018. Anayepiga harusi kwa malipo atafute yenye nafasi mbili za kadi, kwa sababu kadi ikifa hakuna harusi ya kurudia. Wa picha za watu waliotulia, bidhaa, majengo na mandhari anaweza kurudi nyuma mpaka 2014 bila hofu.

Hatua ya 2: Chagua maunti kabla ya bodi

Maunti ni ile pete ya chuma ambayo lenzi inajifunga. Bodi, yaani kamera bila lenzi, utaibadilisha; lenzi utabaki nazo miaka mingi. Sony E ilianza 2010, Micro Four Thirds ya Panasonic na Olympus 2008, Fujifilm X 2012, Canon RF na Nikon Z zote 2018. Hizi bado zinatengenezewa lenzi. Canon EF-M, Nikon 1 na Samsung NX zimeachwa na watengenezaji wake. Kamera zake zinauzwa rahisi mno, na ni nzuri kwa aliyeridhika na lenzi anayopewa pamoja nayo, lakini mtu anayetaka kukua na kazi hii nitamshauri azipite.

Mimi hugawa pesa nusu kwa nusu: nusu bodi, nusu lenzi. Fedha inayobaki kwa kununua toleo la nyuma inunue lenzi ya f/1.8, yenye tundu pana la kuingiza mwanga mwingi, maana hiyo ndiyo utakayoiona kwenye picha.

Hatua ya 3: Muulize muuzaji kabla ya kutoka nyumbani

Omba faili halisi ya picha iliyopigwa na kamera hiyo karibuni, isiwe iliyopita kwenye programu ya ujumbe iliyoibana. Uliza kama imewahi kufunguliwa na fundi, kama betri na chaja ni za asili, na kwa nini anauza. Kwa Sony uliza menyu ina lugha gani: zile zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na Kijapani peke yake, na hakuna mahali pa kubadilisha. Anayekwepa maswali haya mimi namuaga kwa heshima.

Hatua ya 4: Beba vifaa vyako

Kadi ya kumbukumbu tupu, kompyuta ndogo ya kusomea picha, tochi, kipulizio cha mpira cha kufukuza vumbi, na kama unayo, lenzi unayojua kuwa ni nzima. Panga kukutana mchana, mahali penye ukuta mweupe na mwanga. Jipe nusu saa nzima.

Hatua ya 5: Kagua nje

Michubuko ya rangi hainisumbui. Kamera iliyofanya kazi huwa na alama. Ninachotafuta ni kona iliyobonyea, kwa sababu hapo iliangukia. Tazama skrubu: vichwa vilivyochunika vinasema kuna mtu aliifungua. Fungua mlango wa betri umulike ndani. Ukungu wa kijani au mweupe kwenye vituo vya chuma ni dalili ya maji, na ikiwa ni maji ya chumvi, kutu inaendelea kula ubao wa ndani hata kama leo inawaka. Hapo acha. Betri iliyovimba, inayotoka kwa kung'ang'ania, si tatizo la kamera, lakini betri yenyewe ni hatari: usiichaji wala kuitumia tena. Punguza kwenye bei gharama ya betri mpya.

Hatua ya 6: Pima sensa

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nenda polepole.

Anza na vumbi. Weka lenzi kwenye f/16 (tundu la mwanga likiwa dogo), ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, iwe ya chini kabisa, fokasi ya mkono kwenye umbali usio sahihi ili picha iwe na ukungu, kisha piga ukuta mweupe. Ikuze kwenye kompyuta utembee nayo kona hadi kona. Madoa ya kijivu yenye kingo laini ni vumbi. Toa lenzi, elekeza mdomo wa kamera chini, puliza, piga tena. Doa lililohama au kupotea ni vumbi tu. Lililobaki palepale huenda ni mafuta yaliyoganda, na hilo husafishika kwa majimaji maalumu. Msitari mwembamba mkali usiosogea ni mkwaruzo, na mkwaruzo hausafishiki.

Sasa funika lenzi kwa kifuniko chake, weka ISO 1600, shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 10, zima upunguzaji wa chenga, zile punje zinazochafua picha, kwenye menyu, piga. Nukta chache nyekundu, buluu au nyeupe ni kawaida ya sensa yenye umri. Olympus na Panasonic zina kipengele kwenye menyu cha kuzitambua na kuzifunika. Zikiwa kama nyota za usiku wa kiangazi, tafuta nyingine.

Mwisho ni leza. Miale ya leza kwenye kumbi za muziki ikiingia kwenye lenzi inaweza kuunguza sensa kwa kufumba na kufumbua. Kamera isiyo na kioo iko hatarini zaidi, kwa kuwa sensa inapokea mwanga muda wote kamera ikiwa imewashwa. Alama yake ni nukta kali yenye rangi, mara nyingi ikiwa na msitari ulionyooka unaokatiza picha kutoka ukingo hadi ukingo. Kamera yangu ya kwanza ya mtumba ilikuwa na msitari wa zambarau mwembamba kama unywele. Muuzaji alinionyesha picha za ua kwenye skrini ya nyuma, zikapendeza, nikalipa. Nilipozifungua nyumbani kwenye skrini kubwa, ule msitari ulikuwa katika kila picha yenye eneo la giza. Kubadilisha sensa kunakaribia thamani ya kamera nzima. Piga picha ya kitu cheusi, piga na video fupi, kisha vikuze vyote viwili.

Hatua ya 7: Pima mtulizo na fokasi

Kama kamera ina sensa inayojisogeza kutuliza mtikisiko, weka shata 1/8 ya sekunde, shika kwa mikono miwili, piga picha kumi za maandishi madogo. Zima mtulizo, piga kumi nyingine. Kundi la kwanza lazima liwe kali zaidi kwa wazi. Kisha washa tena, upige kwa 1/250. Ukungu hapo, au picha inayotetemeka kwenye skrini, ni ugonjwa wa mtulizo wenyewe. Sauti ya kitu kulegea ndani kamera ikiwa imezimwa isikutishe kwenye Olympus na Panasonic zenye mtulizo. Sensa haijashikwa umeme usipokuwepo.

Kwa fokasi, funga kwenye maandishi katikati, halafu kwenye kona zote nne, ukiwa umefungua tundu la lenzi mpaka mwisho (namba ya f ndogo kabisa). Upande mmoja ukiwa hafifu kila mara, jaribu lenzi yako. Ubovu ukihama na lenzi ni wa lenzi. Ukibaki, maunti au sensa imepinda.

Hatua ya 8: Skrini, vitufe, matundu

Fungua na kufunga skrini taratibu ikiwa imewaka. Ikizimika kwenye pembe fulani, waya wake bapa unakaribia kukatika. Tazama kwenye kitazamio kama kuna kivuli cha maandishi kisichoondoka. Zungusha kila gurudumu hatua moja moja uone kama namba zinaruka. Jaribu tundu la USB, na fleshi kama unaitumia.

Hatua ya 9: Hesabu ya shata

Shata hapa ni kipazia kinachofunguka mbele ya sensa, na hesabu ni mara ambazo kimefanya kazi. Watu huanza na hii. Mimi naiweka karibu na mwisho. Piga picha moja, ifungue kwa programu ya bure iitwayo ExifTool, na kwa Nikon na Sony nyingi utaiona hesabu. A7 III na Nikon Z6 zilipimwa kiwandani kwa shata 200,000, lakini kipimo hicho si tarehe ya kufa. Kamera ya 90,000 iliyotunzwa naichukua kabla ya ile ya 8,000 iliyokaa kwenye unyevu kabatini. Kumbuka pia kwamba iliyopiga video miaka yote inaweza kuwa na hesabu ndogo na bado imechoka.

Hatua ya 10: Namba na malipo

Linganisha namba ya mfululizo iliyo chini ya kamera na ile iliyo kwenye boksi, risiti na, ikiwepo, taarifa zilizo ndani ya faili la picha. Zikipishana, usilipe hadi upate maelezo yanayoeleweka, kwani huenda ni mali ya wizi. Andikishaneni karatasi yenye namba hiyo, tarehe, na makubaliano ya siku chache za kurudisha.

Ukifika nyumbani, rudisha mipangilio ya kiwanda, kisha angalia toleo la programu ya ndani ya kamera. A7 III ilipata fokasi ya macho ya wanyama kwa sasisho la 2019, na X-T3 iliboreshewa fokasi kwa sasisho la 2020, zote bila malipo, na wamiliki wengi wanauza bila kujua. Halafu chaji betri mpaka ijae na utoke nayo. Piga picha mia tatu kwa siku moja, juani na gizani, kabla siku za kurudisha hazijaisha.