Flashi inapogoma kufomatiwa

Kompyuta ikidai flashi ifomatiwe kwanza, usikimbilie kukubali. Kufomati hakuponyi mafaili, kunayafuta. Kama ndani yake mna picha za harusi au daftari la mizigo ya korosho ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zikomboe kwanza kwa PhotoRec, programu ya bure, na uzihifadhi kwenye kompyuta, kamwe si kwenye flashi hiyohiyo.

Halafu tazama kichwa cha flashi, pale panapochomekwa. Huku kwetu pwani, Mikindani, Lindi mjini hadi Kilwa, hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani au madoa meusi kwenye vile vibati vya mbele, umeme unapita kwa kusitasita na kazi inakatika katikati. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, sugua taratibu, acha dakika tano ikauke kabisa. Ichomeke kwenye tundu la kompyuta yenyewe, bila waya wa kuunganishia. Baadhi ya flashi zinazoitwa mbovu hupona hapo.

Bado inagoma? Kwenye Windows tafuta cmd, dirisha la kuandikia amri, ifungue kwa ruhusa ya msimamizi, andika diskpart, kisha list disk. Tulia hapa usome ukubwa. Flashi ya GB 16 huonekana kama GB 14, na namba 0 mara nyingi ni diski ya kompyuta. Ukikosea namba unafuta vitu vya mtu, maana clean haiulizi mara mbili. Kama flashi yako ni namba 1, andika mstari mmoja mmoja, ukibonyeza Enter kila mara:

select disk 1
attributes disk clear readonly
clean
create partition primary
format fs=fat32 quick
assign

FAT32, NTFS na exFAT ni mipangilio ya kuhifadhi mafaili, na FAT32 ndiyo inayosomwa na sabufa na redio nyingi za gari. Ukiweka NTFS, nyingi zitakaa kimya ingawa nyimbo zimo. Kasoro ya FAT32 ni kwamba faili moja haliwezi kufika GB 4, hivyo kwa sinema kubwa weka exfat badala ya fat32 kwenye mstari wa format. Flashi inayozidi GB 32 mara nyingi hukataliwa FAT32 na Windows. Kwa muziki, mstari wa create partition primary uandike create partition primary size=30000, nafasi inayobaki iache.

Ikiendelea kudai imezuiwa kuandikwa, angalia kama ubavuni ina kiswichi cha kufungia. Kama haina, kuna uwezekano mkubwa kumbukumbu imechoka na flashi imejifunga yenyewe. Hiyo haifunguki kwa amri yoyote. Nakili kinachosomeka, nunua nyingine.

Na ile ya TB 1 iliyouzwa kwa bei ya kutupa, huenda ukubwa wake ni wa uongo, hivyo ipime kwa programu ya H2testw ikiwa tupu, kabla hujaweka kitu. Programu hiyo huijaza yote kisha huisoma tena, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Ikionyesha data iliyopotea au kuharibika, irudishe dukani na risiti yako.