Kupima mwamba wa Lamu kabla ya kuzika gesi ya kaboni (kaboni dioksidi)

Chagua jiwe la mchanga lililo kwenye kina kinachozidi mita 800. Huko joto hupita nyuzi 31 na mgandamizo baa 74 (kama mara 74 ya mgandamizo wa hewa), gesi ikabanwa sana. Juu yake pawe na mwamba wa udongo usiopitisha kitu.

Anza kwa kupampu kisimani maji ya chumvi, si gesi. Ongeza kasi ya pampu hatua kwa hatua, kila hatua muda uleule, ukiandika mgandamizo wa chini kisimani. Chora mgandamizo huo dhidi ya kasi ya pampu; mchoro ukilala ghafla, mwamba umepasuka. Baadaye usivuke asilimia 90 ya mgandamizo huo uliopasua mwamba. Funga vali, fuatilia mgandamizo ukishuka. Ukiporomoka, shuku kwanza saruji iliyo nyuma ya bomba la kisima.

Visima vya maji matamu vya Shela, kisiwani Lamu, vipimwe pH (kiwango cha asidi) na bikaboneti (kaboni iliyoyeyuka majini) mapema, kiangazi na masika, ili gesi ikivuja baadaye ijulikane.