Babu alitumikia manowari: namna ya kukusanya na kuandika historia yake

Familia nyingi za Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja zina mzee anayetajwa kwa sentensi moja tu: "Alikwenda manowari vita vya Hitla," yaani Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Ukitaka kuandika maisha yake, anza kwa kuichunguza sentensi hiyo. Yaweza kuwa na maana nne, na kila maana ina nyaraka zake mahali pake.

Huenda alikuwa katika kikosi cha wanamaji wa kujitolea. Cha Kenya kilianzishwa 1933, na wakati wa vita Tanganyika na Zanzibar nazo zilikuwa na vikosi vyao. Huenda alikuwa mfanyakazi wa bandari ya Kilindini aliyehudumia meli za vita bila kuandikishwa jeshini. Huenda alikuwa baharia wa meli ya biashara. Au alikuwa askari wa nchi kavu aliyepakiwa melini kupelekwa ng'ambo.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayokosewa zaidi, hasa pale familia inaposema "alifia baharini". Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli ya abiria Khedive Ismail karibu na Maldivi, ikiwa safarini kutoka Mombasa kwenda Ceylon (leo Sri Lanka). Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo walikufa 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hao walikuwa wanajeshi wa nchi kavu, na majina yao yamo kwenye Mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi. Ukiwatafuta katika orodha za wanamaji utatoka mikono mitupu.

Anza na wazee kabla ya nyaraka

Karatasi zitakungoja, wazee hawangoji. Nenda kwa bibi, shangazi au mtoto wa mwisho wa marehemu, umwamkie, ukae, kisha umwombe ruhusa ya kurekodi kwa simu. Weka simu katika hali ya ndegeni isije ikaita katikati, na iweke juu ya kitambaa ili isinase mtikisiko wa meza. Saa moja inatosha. Ni afadhali urudi kesho kuliko kumchosha.

Usiulize, "Alikuwa kikosi gani?" Hajui, na ataona aibu kusema hajui. Uliza vitu alivyoviona: alivaa nini alipokuja likizo, alileta zawadi gani, alitaja bandari zipi, nani alipokea fedha zake alipokuwa hayupo. Fedha ni swali zuri mno. Kama mke au mama alikuwa akienda ofisini kila mwezi kuchukua sehemu ya mshahara, hiyo ni dalili nzuri kwamba aliandikishwa rasmi. Kibarua wa bandari alilipwa mwenyewe mkononi.

Tarehe hutazipata kwa kalenda ya ukutani. Utaambiwa "alirudi mfungo sita, kaskazi inavuma, vita vimekwisha". Kauli hiyo ni sahihi kuliko inavyoonekana. Japani ilitangaza kusalimu amri Agosti 1945. Mfungo sita wa kwanza baada ya hapo, mwezi wa maulidi, ulianza mapema Februari 1946, na Februari ndiyo kaskazi. Andika kwanza maneno yenyewe ya msimulizi, kisha hesabu yako pembeni. Usifute kauli ukabakiza tarehe, kwa kuwa ukikosea hesabu hakuna atakayeweza kuirekebisha.

Uwe na tarehe chache za kupimia. Wajapani walishambulia Colombo na Trincomalee, bandari za Ceylon, Aprili 1942, na meli kuu za Kikosi cha Mashariki cha Uingereza zikahamia Kilindini. Mei mwaka huohuo Waingereza walivamia Diego Suarez, Madagaska. Mwaka 1943 makao makuu ya kikosi yalirudi Ceylon. Mzee anayesemwa "aliona manowari zimejaa Kilindini" huenda anazungumziwa kipindi hicho.

Picha na sare

Piga picha upande wa nyuma pia. Mara nyingi muhuri wa studio na jina la mji ndiyo ushahidi pekee wa mahali. Ukiwa na skana, tumia nukta 600 kwa inchi kwa picha ndogo na 300 kwa barua, na uhifadhi nakala ya TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Kwa simu, weka picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima taa ya kamera, na uishike simu sambamba na karatasi. Picha iliyogandia kioo cha fremu usiibandue, kwani uso wa mtu utabaki kwenye kioo. Ipige ikiwa hapohapo, umeinamisha kidogo kuondoa mng'ao.

Usipige lamineshen cheti chochote cha zamani. Joto la mashine huharibu karatasi na wino, plastiki hufungia unyevu ndani, na kuitoa tena ni kuipasua hati. Gundi ya selotepu nayo huacha madoa ya hudhurungi yasiyotoka. Bahasha safi ya karatasi, ndani ya kasha lisilogusa ukuta, yatosha kwa hewa ya pwani, mradi ulifungue kila baada ya miezi michache kuangalia wadudu.

Sasa tazama sare. Wakati wa vita utepe wa kofia ya baharia uliandikwa H.M.S. ("Meli ya Mfalme") peke yake, ili adui asijue ni meli gani ipo wapi. Kwa hiyo usipoteze siku kukuza picha ukitafuta jina la meli. Mistari ya V kwenye mkono wa kushoto huwapoteza wengi: kwa askari wa nchi kavu ingekuwa ukoplo au usajini, lakini kwa mwanamaji wa Kiingereza ni alama ya mwenendo mwema, mmoja kwa miaka 3, miwili kwa 8, mitatu kwa 13. Cheo huonyeshwa na nanga: moja ni ngazi ya juu ya baharia wa kawaida, mbili zilizopishana chini ya taji ni kubwa zaidi.

Kama kuna karatasi iliyoandikwa "HMS Tana", usiitafute katika orodha ya meli zilizozama. Hicho kilikuwa kituo cha nchi kavu Kilindini; wanamaji wa Kiingereza huandikishwa chini ya jina la "meli" hata wakikaa ofisini.

Nishani

Nyota za vita hivyo zina pembe sita na jina la nyota yenyewe limeandikwa kuizunguka alama ya mfalme katikati, kwa hiyo zisome tu. Burma Star (Nyota ya Burma) haimaanishi lazima alipigana katika misitu ya Burma. Wanamaji waliipata kwa kutumikia majini upande wa Ghuba ya Bengali. Kama nyota zimepotea na utepe umebaki, wa 1939–1945 Star una mistari mitatu iliyo sawa: buluu nzito, nyekundu, buluu nyepesi. Uingereza haikuchora majina ya waliopewa kwenye nishani zake za vita hivyo, basi nishani pekee haithibitishi ilikuwa ya nani. Usizisugue kwa dawa ya shaba. Kila ukisugua unaondoa metali ya nishani yenyewe.

Nyaraka

Kabla ya kutafuta, andika kila namna ambavyo karani mgeni angeliandika jina. Saidi bin Hamisi yaweza kuwa Said Khamis, Seif Hamis, S. bin Khamis, au kuwekwa kwenye herufi B kwa sababu ya "Bin". Jaribu namna zote kabla ya kukata tamaa.

Aliyekufa kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 akiwa kazini, mtafute katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyo wazi mtandaoni bila malipo. Aliyeandikishwa na serikali ya koloni, anza na Nyaraka za Taifa zilizopo Nairobi, au za Zanzibar pale Kilimani, au za Dar es Salaam. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya lipitie pia: humo mna matangazo ya nishani, na ya mirathi ya marehemu ambayo watafutaji wengi huyaruka.

London, katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, kundi la ADM 199 lina taarifa za operesheni za majini na ADM 53 lina daftari za safari za meli. Daftari za meli ndogo nyingi za vita hivyo hazikuhifadhiwa, basi usilipie utafiti kabla ya kuthibitisha kuwa daftari lipo. Baharia wa meli ya biashara, kumbukumbu za nishani zake zimo katika kundi la BT 395 la hifadhi hiyohiyo.

Kuandika

Vita vilichukua miaka isiyozidi sita. Mtu huyu alivua au alisafiri na jahazi kabla yake, na baadaye alirudi kwenye mji wenye misukosuko: mgomo mkuu wa Mombasa Januari 1947, wa Unguja 1948. Uliza alisimama upande gani. Andika alioa lini, alijenga wapi, alimfundisha nani kufunga kamba. Sura ya vita isizidi theluthi ya maandishi yako, hata kama ndiyo iliyokuvuta.

Kila aya iwekee alama pembeni: H kwa kilichomo katika hati, K kwa kauli ya mtu pamoja na jina lake na siku aliyosema, D kwa dhana yako. Chapisha nakala moja kwa kila tawi la ukoo, kila moja ikiwa na tarehe ya toleo kwenye jalada na kurasa mbili tupu nyuma, kwa yule atakayesema, "Hapa mmekosea, hakuwa Adeni, alikuwa Durban."